Waliosoma Pamoja: Kumbukumbu na Misiba ya Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, watu waliosoma pamoja sekondari wamejenga kwa miongo mingi undugu usiotokana na damu wala ndoa, wenye wajibu wake, adabu yake na kumbukumbu zake, na ambao hudhihirika zaidi pale mmoja wao anapofariki. Wanapokutana, iwe harusini, stendi ya basi, hospitalini au msibani, mazungumzo yao hufuata mkondo unaojulikana: kwanza huulizana walipo wenzao, kisha hukumbushana mabweni, walimu na njia za kwenda shule, na kabla hawajaagana huwa wametajiana majina ya waliotangulia mbele ya haki. Ni rahisi kudhani kwamba kukumbushana ni burudani na kutajiana marehemu ni huzuni, na kwamba mambo hayo mawili yamekutana kwa bahati tu katika maongezi ya watu wanaozeeka. Ukweli ni kwamba ni kazi moja, na katika eneo hili ni kazi nzito, kwa sababu historia ya Ngara na Biharamulo imewatawanya watu wake mara nyingi kiasi kwamba, kwa vizazi fulani, waliosoma pamoja ndio wanaoweza kusema kwa uhakika nani alikuwepo, alitoka kijiji gani na aliishia wapi.

Wilaya hizi mbili zimepakana, lakini sura zao zinatofautiana. Ngara iko katika pembe ya nchi inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni wilaya ya vilima na mabonde, migomba na maharage, ambako mto Ruvubu unaungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na ambako wenyeji wake wakuu ni Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao zina undugu wa karibu na Kirundi. Eneo la Bugufi lililomo humo lilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuliweka upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndiyo maana hadi leo familia nyingi zina mashangazi na wajomba ng'ambo ya mpaka. Biharamulo, kwa upande wake, ni nchi ya misitu ya miombo, mbung'o na asali, yenye mji uliokua kando ya boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na wakazi wake ni Wasubi, Wazinza na Wasukuma waliohamia na mifugo yao, pamoja na Wahaya na Waha. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la mto Kagera kutokana na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, hivyo watu wa darasa moja waliweza kuanza shule katika mkoa wenye jina moja na kumaliza katika mkoa wenye jina jingine bila kusogea hata hatua.

Ili kuelewa kwa nini darasa la sekondari lina uzito huo, ni lazima kukumbuka uchache wa nafasi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wapatao 12,000 tu, na kwa zaidi ya miongo miwili iliyofuata shule ya msingi ya kijijini ingeweza kutoa mwanafunzi mmoja au wawili waliochaguliwa kuendelea, na mwaka mwingine isitoe hata mmoja. Nafasi ziligawanywa kwa mgao, yaani utaratibu wa kutenga sehemu ya nafasi kwa kila eneo ili maeneo yaliyotangulia kielimu yasizichukue zote, na waliochaguliwa walipelekwa shule za bweni ambazo mara nyingi zilikuwa mbali na kwao, kwa kuwa serikali iliona kwamba kuwalaza vijana wa makabila mbalimbali chini ya paa moja ni njia mojawapo ya kujenga taifa. Hivyo kijana wa Rulenge au Nyakahura angeweza kujikuta Ihungo, Nyakato au Kahororo huko Bukoba, au Tabora, au hata Iringa; msichana angeweza kupangiwa Rugambwa; na wapo walioingia Seminari ya Katoke, Biharamulo. Shule za sekondari za wilayani kwenyewe, kama Kabanga upande wa Ngara na Kagango upande wa Biharamulo, ziliongeza nafasi karibu na nyumbani, lakini mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliozaa shule za kata nchi nzima.

Safari ya kwenda shule ndiyo iliyowaunganisha vijana hao kabla hata ya darasa. Mtoto aliondoka nyumbani na tranka la bati lililoandikwa jina lake kwa rangi, ndani yake mna shuka, blanketi, sahani, kikombe, madaftari na mche wa sabuni, na mara nyingi mzazi alikuwa ameuza kahawa au mbuzi ili nauli ipatikane. Aliyetoka Biharamulo kwenda Mwanza alipita Geita na kusubiri kivuko cha Busisi. Aliyeondokea Bukoba alivuka ziwa usiku kucha kwa meli ya MV Victoria. Aliyekwenda Tabora au mbali zaidi alitafuta lori au basi la kumfikisha kwenye reli. Wanafunzi wa wilaya moja, hata kama shule zao zilikuwa tofauti, walisafiri kundi moja, wakalala juu ya matranka yao kituoni na kugawana ndizi za kuchoma walizofungiwa na mama zao. Ndiyo maana kumbukumbu za nyumbani za watu wa rika hilo huwa kwa kiasi kikubwa ni kumbukumbu za njiani, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipozinduliwa hapo Busisi tarehe 19 Juni 2025, wengi wao hawawezi kulivuka kwa gari bila kuwasimulia watoto wao saa walizokaa wakisubiri kivuko, na kuwatajia majina ya waliokaa nao.

Shuleni kulikuwa na mchakamchaka wa alfajiri, shamba la shule lililolimwa kwa kufuata sera ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, makande ya jioni, taa za karabai, na mateso madogo madogo ya njuka, kama walivyoitwa wanafunzi wapya. Humo ndimo yalimopatikana majina ya utani ambayo hayakufutika tena: mtu anaweza kuwa leo mkurugenzi mstaafu au padri mwenye mvi, lakini kwa waliolala naye bweni moja bado anaitwa kwa jina alilopewa alipoteleza kwenye tope siku ya kwanza ya paredi, na hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kumwita hivyo. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu waliokwisha kuvuka umri wa miaka 40, wakiombwa kueleza maisha yao, hutaja kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30, hali inayoweza kuitwa kilele cha ukumbukaji, na miaka ya sekondari iko katikati kabisa ya kipindi hicho. Mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs alikwenda mbali zaidi katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, alipoeleza kwamba binadamu hakumbuki akiwa peke yake, bali kumbukumbu zake husimamishwa na kundi analoishi nalo, na ujuzi huo wa kundi ndio unaoitwa kumbukumbu ya pamoja. Kwa mujibu wa fikra hiyo, mwenzi wa darasani anapofariki, waliobaki hupoteza mtu na hupoteza pia shahidi, kwa kuwa yapo mambo ambayo ni yeye tu aliyeweza kuyathibitisha: jina la mwalimu aliyekaa muhula mmoja tu, mwaka ambao bwalo liliezuliwa na upepo, sababu iliyomfanya fulani arudishwe nyumbani.

Habari ya msiba inayopelekwa kwa waliosoma pamoja ina muundo wake, na muundo huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mtoa habari huanza na pole, hutaja jina kamili la marehemu, kisha bila kukawia hutaja jina la utani, kwa kuwa kuna wenzake ambao hawakuwahi kulijua vizuri jina la ukoo wake. Hufuata mwaka wa kumaliza, mkondo, bweni na kijiji cha nyumbani, na kama bado kuna shaka, hutajwa ndugu aliyejulikana: mdogo wake yule mwalimu wa Rulenge, binti wa yule mganga wa zahanati ya Nyakahura. Baada ya hapo huja maswali ya wajibu, yaani marehemu alikuwa akiumwa nini, ameacha watoto wangapi, mazishi ni lini na ni nani aliye karibu wa kuwakilisha wenzake, na maswali hayo yakishajibiwa ndipo kumbukumbu zinapoanza kumiminika. Mmoja hukumbuka kwamba marehemu alimbebea tranka kilomita kadhaa siku aliyokuwa na homa ya malaria. Mwingine hukumbuka bao alilofunga dhidi ya shule jirani. Mwingine husema kwamba alikuwa na mwandiko mzuri, na kwamba ndiye aliyewaandikia wenzake barua za kuomba nauli nyumbani. Kumbukumbu hizo zinaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini ndizo zinazomrudishia marehemu ujana wake mbele ya watu, na kwa watoto wake, ambao walimfahamu akiwa mzazi tu, huwa ni habari mpya kabisa.

Njia ya kupelekeana habari hizo imebadilika sana. Katika miaka ya 1970 na 1980 barua ilipitia sanduku la posta la shule au la misheni na kufika wiki kadhaa baada ya mazishi, na aliyekuwa na haraka alimkabidhi dereva wa basi karatasi iliyokunjwa ili aiache dukani kwa mtu anayejulikana. Njia iliyofika mbali zaidi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo katika matangazo yake ya vifo ilisoma jina la marehemu, mahali alipofia, na orodha ndefu ya ndugu waliotakiwa kupata habari popote walipo; mtu aliyekuwa akifundisha Songea au akifanya kazi bandarini Tanga aliweza kusikia jina la mwenzake wa darasani likisomwa kati ya majina mengi asiyoyafahamu, akabaki amesimama na redio mkononi, hana wa kumuuliza. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, mwanzoni kwa ajili ya wakimbizi waliofurika wilayani, na kituo hicho kikaendelea kuwa sauti ya wenyeji hata baada ya wakimbizi kuondoka. Leo ujumbe wa simu hufika Ngara, Dodoma na ughaibuni kwa dakika ile ile, na ugumu uliobaki ni wa kuhakikisha kwamba habari ni ya kweli kabla haijamfikia mama mzazi.

Hakuna rika lililopoteza wenzake kwa wingi kama waliomaliza sekondari kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983, wakati ambapo ugonjwa huo haukuwa bado na jina rasmi la Kiswahili na watu wa mkoa huo waliuita Juliana, kutokana na aina ya nguo iliyoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Vijana waliosoma walikuwa miongoni mwa walioathirika mapema, kwa sababu ndio waliokuwa na mishahara, waliohamishwa vituo vya kazi, waliosafiri kibiashara na kulala mijini: walimu, makarani, madereva, wauguzi, maofisa ugavi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya wagonjwa hao wa kwanza, na katika miaka hiyo yapo madarasa ambayo picha yake ya kuhitimu, ile ya vijana waliopanga mistari mitatu mbele ya jengo la utawala, ilibaki na sura chache zenye wenyewe hai.

Wakati huo msibani ilisemwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, na hakuna aliyeongeza neno. Ukimya huo ulikuwa na huruma ndani yake, kwa kuwa ulilenga kuwalinda mjane na watoto dhidi ya maneno ya watu, lakini ulileta pia dhuluma, kwa sababu marehemu wengi waliacha kutajwa kabisa, kana kwamba kuwataja ni kufukua aibu. Waliosoma nao ndio waliowarudishia majina. Miaka imepita, hofu imepungua, na sasa mzee wa miaka 60 na kitu anaweza kusema mbele ya wenzake kwamba fulani alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, kwamba alikufa mwaka 1991 akiwa na miaka 27, na kwamba mtoto wake aliyelelewa na bibi kijijini sasa ni mhandisi. Sentensi ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, maana kwa mtoto huyo huenda ndiyo mara ya kwanza kusikia baba yake akisifiwa kwa jambo alilolifanya badala ya kusikitikiwa kwa jinsi alivyokufa.

Tukio la pili lililowagawa watu wa rika mbalimbali katika "kabla" na "baada" lilitokea tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ambapo takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa karibu saa 24 tu, idadi iliyozidi wakazi wote wa wilaya hiyo kwa wakati ule. Benako, mahali palipokuwa na watu wachache, pakageuka mji wa mahema, na kambi nyingine zikafunguliwa Lumasi, Lukole na kwingineko. Kumbukumbu za waliokuwa shuleni wakati huo ni za aina ya pekee: wanakumbuka vilima vilivyobaki bila miti, misururu ya malori ya mashirika ya misaada, na walimu walioacha chaki na kwenda kuajiriwa makambini kwa mshahara ambao shule isingeweza kuulipa, wakiliacha darasa la mtihani likijisomea lenyewe. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao kupitia Rusumo Desemba 1996, lakini Warundi waliendelea kuishi Lukole hadi mwaka 2008, na katika miaka yote hiyo barabara za pori zilikuwa za hatari. Mabasi yaliyopita misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha, na pori la Kasindaga, kwenye njia ya kwenda Muleba na Bukoba, lilitajwa kwa sauti ya chini. Wapo watu walionusurika vita vya jirani na maradhi, wakauawa na majambazi wakiwa safarini kurudi likizo. Sehemu kubwa ya mapori hayo, yaani yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambako watalii huenda kutazama twiga.

Kwa waliosoma Bukoba, orodha ya misiba ina tarehe nyingine zisizohitaji maelezo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, wengi wao wa mkoa wa Kagera, na wengine kuzikwa kwa pamoja katika makaburi ya Igoma. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi za mji wa Bukoba na vitongoji vyake na kuharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zilijengwa upya baadaye. Kwa aliyelala humo miaka ya 1970, kuona bweni lake limekuwa kifusi kulikuwa ni msiba wa aina yake, japokuwa hakuna anayetoa rambirambi kwa ajili ya ukuta.

Kifo kilichotangazwa kwa upana kuliko vyote kati ya waliopita shule za eneo hili ni cha Rais John Pombe Magufuli. Alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati Chato ikiwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, akasoma Seminari ya Katoke kuanzia 1975 hadi 1977 kabla ya kwenda Lake Sekondari jijini Mwanza na kisha Mkwawa, Iringa, na mwaka 1995 akawa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Alipofariki tarehe 17 Machi 2021 na kuzikwa Chato tarehe 26 Machi, taifa lilimlilia rais, lakini walikuwepo wazee waliomlilia mvulana wa Katoke, na huzuni hizo mbili hazifanani. Alizikwa alikozaliwa, ingawa kwa maandishi ya serikali mahali hapo pamehama: Chato ikawa wilaya inayojitegemea mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Waliosoma pamoja hawakuuhama mpaka wao wa zamani. Kwao watu wa Chato bado ni wa Biharamulo, na wakichangishana hawaulizani mkoa.

Michango hiyo ndiyo sura ya vitendo ya undugu huu. Makundi mengi yana katiba fupi inayoeleza ni misiba ipi inayochangiwa, kwa kawaida wa mwanachama mwenyewe, mwenzi wake, mtoto na mzazi, kiwango chake, na kazi ya mweka hazina, na tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008 umbali umeacha kuwa kisingizio. Gharama kubwa ni usafiri, kwa kuwa bado inaonekana ni jambo la heshima mtu kuzikwa nyumbani, karibu na migomba ya wazazi wake, na kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, safari ambayo wasindikizaji huifanya usiku na mchana ndani ya basi dogo linalolifuata gari lenye jeneza. Kaburini, baada ya kusomwa historia fupi ya marehemu, makundi huitwa kuweka mashada ya maua kwa utaratibu: wazazi, mjane na watoto, ukoo, wafanyakazi wenzake, jumuiya ya kanisa au wenzake wa msikitini, na kisha huitwa "waliosoma na marehemu".

Wito huo mfupi una maana kubwa. Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka alieleza mwaka 1989 hali aliyoiita huzuni isiyotambuliwa, yaani majonzi ya mtu ambaye jamii haimhesabu kuwa mfiwa, kwa sababu uhusiano wake na marehemu hauna cheo katika ukoo. Katika nchi nyingi rafiki wa shule ni mmoja wa watu hao. Ngara na Biharamulo zimempa zamu na nafasi ya kusimama. Huko Marekani wahitimu wa sekondari huandaliwa mkutano baada ya miaka 10, 20 au 30, ukumbini, kwa mwaliko. Hapa mkutano mkubwa wa darasa mara nyingi huitishwa na msiba, na ni chini ya turubai la matanga ndipo watu huonana tena baada ya miaka 30, wakasogeza viti na kuanza kuhesabiana.

Swali la nani anahesabiwa lina ugumu wake, na hapo ndipo makundi haya yanapopaswa kujitazama. Orodha za wahitimu huwasahau walioondoka kabla ya kuhitimu: aliyekosa ada, aliyefeli mtihani wa Kidato cha Pili, na msichana aliyefukuzwa kwa kupata ujauzito, adhabu iliyoendelea kutolewa nchini hadi serikali iliporuhusu wanafunzi hao kurudi shuleni Novemba 2021. Wanawake hupotea pia kwa kubadilisha jina baada ya ndoa, hivyo huweza kutokea kwamba tangazo la msiba wa "Mama fulani" likapita mbele ya macho ya wenzake bila hata mmoja kujua kwamba ni yule dada mkuu wao. Wapo vilevile waliokuwa watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliopewa makazi Muyenzi, Ngara, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakasoma, wakacheza mpira na kuimba wimbo wa taifa na wenzao, kisha wengi wao wakahamia Rwanda baada ya 1994. Na katika Operesheni Kimbunga iliyoanza Septemba 2013 dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, familia zilizokaa Kagera kwa miongo mingi zilivushwa mpaka, nyingine zikiwa na watoto madarasani. Kundi linalojiita la waliosoma pamoja halina budi kuwahesabu wote hao, kwa kuwa kusoma pamoja hakukuhitaji cheti wala uraia.

Januari 2025 wilaya ya Biharamulo ilitajwa duniani kote kwa sababu ya homa kali ya virusi vya Marburg, ugonjwa unaoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha mlipuko huo tarehe 20 Januari, na ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi watu 10 walikuwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa waliugua. Kwa wenyeji waliokuwa mbali zilikuwa wiki za kupigiana simu na kuulizana ni kijiji gani, ni ukoo gani, na ni yupi kati ya majina yanayozungushwa aliye hai. Desturi ya kutaja jina kamili, mkondo na kijiji, na ya kusubiri neno la aliye karibu kabla ya kueneza habari, iliwafaa sana katika siku hizo, kwani maambukizi yalilazimisha mazishi ya watu wachache yenye wataalamu waliovaa mavazi ya kujikinga, na wengi wa waliozoea kuja kusimama kaburini walilazimika kutoa pole kwa sauti tu.

Yanayokusanywa katika mazungumzo haya bado hayajaandikwa inavyostahili. Makundi mengi huweka hesabu za michango kwa uangalifu mkubwa, shilingi kwa shilingi, wakati orodha ya majina ya wenzao waliofariki iko vichwani mwa watu wawili au watatu ambao nao wamezeeka. Madaftari ya mahudhurio ya zamani yameliwa na mchwa katika stoo za shule nyingi, na mahali ambapo tetemeko lilipita yamefukiwa. Kazi ya kuyafidia haihitaji fedha nyingi: daftari gumu, mtu mwenye mwandiko unaosomeka, na jioni kadhaa za kukaa na wale wanaokumbuka, wakianzia mstari wa mbele wa picha ya darasa na kumtaja kila mmoja kwa jina, kijiji, mwaka aliofika na mwaka alioondoka, akiwemo yule aliyekaa muhula mmoja tu kabla baba yake hajakosa kahawa ya kuuza.